Tumesikia

Shangazi yangu hakuwahi kuielewa kazi yangu, na kwa miaka zaidi ya ishirini niliamini kwamba tatizo ni lake. Kila nilipokuja Kibiti likizo aliniuliza, "Hivi mwanangu, huko Dar wanakulipa kwa lipi?" Nikamweleza kwamba mimi ni mshauri wa mawasiliano na mahusiano ya umma. Wizara ikiwa na mradi, au kampuni ikitaka kuchimba, kulima au kujenga mahali, ninawaambia waseme nini, waseme na nani, lini, na kwa njia ipi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapepeta mchele wake mara mbili tatu, kisha akasema, "Kumbe mpiga mbiu."

Nilikasirika kimoyomoyo. Siku hizi, nikiwa nimestaafu na nina muda wa kuwaza, naona alinipandisha cheo. Mpiga mbiu wa zamani alijua watu wanaamka saa ngapi, nani yuko shamba na nani yuko msibani, na akikosea habari alikuwa anakaa kijijini hapohapo na aibu yake. Mimi nilikuwa napanda gari narudi mjini.

Kazi yenyewe sikuianzia chuoni. Niliianzia ndani ya boti kwenye delta ya Rufiji mwaka 1997, kwa kukosea neno moja.

Nilizaliwa Kibiti kwa sababu ya mafuriko. Wazazi wangu walikuwa watu wa bondeni, waliolala wakisikia mto. Baada ya mafuriko ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Baba alikuwa kijana wakati huo. Alitusimulia kwamba siku ya mkutano mgeni aliyetumwa aliongea mpaka jua likawa utosini: shule, zahanati, barabara, maisha ya pamoja. Akamaliza kwa kuuliza kama wameelewa. Wazee wakatazamana, mmoja akajibu kwa niaba ya wote, "Tumesikia." Mgeni akaandika, akaaga, akaondoka ameridhika.

Na kweli walihama, wakajenga. Ila msimu wa mlau ulipofika, maji yalipopungua na kuacha udongo mweusi wenye unyevu, walirudi bondeni, wakasimamisha madungu yao, wakapanda mahindi, wakalala juu ya miti wakilinda nguruwe kama zamani. Baba akifika hapo kwenye hadithi alikuwa anacheka. Serikali ilidhani imekubaliwa. Wazee walikuwa wamesikia tu.

Nisiipake serikali tope lote. Huyohuyo baba alikuwa katibu wa kikundi cha "Mtu ni Afya" mwaka 1973, pale Redio Tanzania ilipowakusanya watu kwa vikundi nchi nzima, wakae, wasikilize kipindi, wajadili, kisha wachimbe vyoo. Alitunza kijitabu chake mpaka kikaliwa na mchwa. Kila nilipofundisha vijana mambo ya kampeni niliwarudisha kwenye redio ile moja iliyokuwa juu ya kinu kilichogeuzwa, na watu ishirini wakibishana choo kiwe hatua ngapi kutoka kisimani. Mabango ya barabarani yaliyokuja baadaye hayajawahi kubishiwa namna ile. Yanatazamwa tu.

Mwaka 1997 nilikuwa mwalimu wa muda, kijana wa miaka ishirini na minne, kidato cha sita, Kiingereza cha kujivunia. Habari ya mjini ilikuwa kamba. Kampuni ya African Fishing Company, iliyokuwa ya mfanyabiashara Reginald Nolan, ilitaka kuanzisha ufugaji wa kamba ndani ya delta. Mtaji uliotajwa ulikuwa dola milioni 192, na mabwawa yangechukua hekta zipatazo 10,000. Ilisemwa lingekuwa shamba la kamba kubwa kuliko yote duniani. Magazeti yalikuwa mengi kuliko wakati wowote tuliowahi kuuona, ITV na Radio One zilikuwa na miaka mitatu tu hewani, na kila upande ulikuwa unatafuta mahali pa kusemea.

Mtafiti mmoja kutoka Ulaya, mwanamke mpole mwenye daftari la jalada gumu, alikuwa anatafuta mkalimani anayewajua watu wa huku. Mkuu wa shule akanitaja. Akanipa malipo ya siku tano ambayo yalizidi mshahara wangu wa mwezi. Nikanunua viatu.

Tulikwenda Bungu, tukashuka Nyamisati. Siku hizo Nyamisati ilikuwa mikoko, mitumbwi na vibanda vya wauza chai. Gati la leo na kivuko cha Mafia havikuwapo. Msafara ulikuwa na boti mbili: sisi na mwandishi wa gazeti kutoka Dar, na boti nyingine ya wageni wa ofisi mbalimbali waliokuwa wanakwenda kueleza mradi. Ilikuwa siku ya pili ya bamvua. Nahodha wetu, mzee aliyekuwa amefunga shuka kiunoni na kushika pondo mkononi muda wote kana kwamba ni fimbo ya kutembelea, alisema tuondoke alfajiri. Wageni walitaka chai kwanza. Tukaondoka saa tatu.

Anayeijua bamvua ameshajua kilichotokea. Maji yalijaa alfajiri yakawa yanapwa kwa kasi, na kufikia saa nne mkondo tuliokuwemo umekuwa mfereji wa tope, mizizi ya mikoko imeachama pande zote mbili kama vidole vya mtu anayepanda ukuta. Boti zikakaa. Bwana mmoja wa boti ya pili akashuka ili asukume. Mguu wake ulirudi, kiatu hakikurudi. Nahodha akamtazama, akawasha sigara, akasema, "Kitarudi na maji ya jioni, lakini hakitarudi kwako."

Tulikaa palepale zaidi ya saa tatu. Ndipo nilipopata somo langu la delta, kwa kuwa nahodha alikuwa hana la kufanya ila kuongea. Alinionesha mkandaa, mchu na mkomafi, upi unatoa boriti, upi unatoa mbao za kuundia mitumbwi. Akaniambia kamba hutagia baharini, vitoto vyao huletwa na maji mpaka ndani ya mikoko, vinakulia humo kwenye kivuli na uchafu wa majani, vikikomaa vinatoka. Ukitaka kuwajua kamba wa mwaka huu, tazama mto ulivyofurika. Nilikuja kuyakuta maneno hayohayo kwenye ripoti za wataalamu, yamevaa suti. Nahodha aliyamaliza kwa swali: mtu akifyeka mahali kamba wanapolelewa ili awafugie kamba, huyo amefuga au amehamisha?

Mkutano uliotangazwa kuwa saa nne ulianza saa tisa. Kijiji sitakitaja, ni cha huko upande wa Salale. Asubuhi watu walikuwa wamekusanyika, wakasubiri, wakachoka. Wanawake wengi walikwenda kwenye uduvi, kwa kuwa maji yakipwa namna ile huwezi kuyaacha yapite bure. Vijana wakaenda kwenye nyavu. Waliobaki chini ya mwembe walikuwa wazee, watoto, mwenyekiti, mtendaji na watu wachache wenye maneno. Kwa hiyo aliyechagua wajumbe wa mkutano ule alikuwa mwezi. Katika maisha yangu ya kazi nimesoma mamia ya taarifa za mikutano ya wananchi, na hakuna hata moja iliyoandika maji yalikuwa yanajaa au yanapwa.

Mgeni mkuu alieleza vizuri. Sauti yake ilikuwa nzuri, na hakumdharau mtu. Alipotaja hekta watu walitulia, nikaona hawazijui. Nikajipenyeza nikasema ni karibu ekari 25,000. Hapo minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akauliza ekari zote hizo zisizo na mtu ziko wapi, maana yeye anaishi hapa na hajaziona. Kijana mmoja akauliza mshahara utakuwa kiasi gani, na walioguna na waliopiga makofi walikuwa sawasawa. Hilo nalitaja kwa sababu hadithi ya delta mara nyingi husimuliwa kana kwamba watu wote walikuwa na kauli moja. Haikuwa hivyo. Palikuwa na waliotaka ajira hiyo na sababu zao zilikuwa za kweli.

Mwishoni mgeni akauliza kama kuna lolote. Mwenyekiti akasimama, akashukuru, akasema, "Tumesikia." Wazee wakaitikia, "Tumesikia, tumesikia." Yule mtafiti akanigeukia: wamesemaje? Nami kwa Kiingereza changu cha kujivunia nikamwambia wamekubali. Akaandika.

Nitajitetea kidogo. Neno kusikia lina pande mbili. Mtoto mkaidi tunasema hasikii, maana yake hatii. Kwa hiyo aliyesikia anaweza kuwa ametii. Lakini pia anaweza kuwa mtu aliyepata habari basi, na sasa anakwenda kulala nayo, aiulize kwa mkewe, aipeleke msikitini, airudishe baada ya wiki mbili ikiwa na miguu. Neno lilelile linamsitiri mgeni asiaibike, na linamwachia mwenyeji mlango wazi. Anayelitafsiri ndiye anayeamua mlango ule ufungwe au la. Mimi niliufunga kwa sekunde moja, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nina njaa na viatu vyangu vipya vimelowa.

Usiku tulikaribishwa kwa bibi mmoja, mjane, aliyetupikia wali wa nazi na kamba. Tulipokuwa tunakula nikamwambia nahodha kwa furaha kwamba mambo yamekwisha, watu wamekubali. Bibi alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi.

"Nani kakwambia tumekubali?"

"Shikamoo bibi. Mkutanoni, mwenyekiti amesema."

"Marahaba. Kasema nini?"

"Amesema tumesikia."

"Mjukuu wangu, umesoma mpaka umefika huko ulikofika, na hujui kusikia na kukubali? Mtu akija kukugombeza usiku mlangoni pako, wewe uko ndani, unamsikia. Umemkubalia?"

Nahodha alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikumaliza wali.

Asubuhi nilimweleza yule mtafiti. Hakunikaripia. Alifungua daftari, akachukua kalamu nyekundu, akakata mstari mmoja juu ya sentensi yake. Kisha akaniomba nimtajie lile neno herufi kwa herufi, akaliandika kwa Kiswahili, T-u-m-e-s-i-k-i-a, na mbele yake hakuandika kitu. Nimeona watu wenye shahada tatu wakifanya kazi hii. Sijamwona mwingine aliyekubali kuacha nafasi wazi.

Yaliyofuata yapo kwenye kumbukumbu za nchi, nitayapita haraka. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Mazingira walishauri mradi ukataliwe. Baraza lilikuwa limeundwa kwa sheria ya 1983 iliyolipa kazi ya kushauri tu, na mwishoni mwa 1997 serikali iliuridhia mradi licha ya ushauri huo. Chama cha waandishi wa habari za mazingira, JET, kilikuwa kimelishikia bango suala hilo. LEAT, mawakili wa mazingira, walisimama na wanavijiji, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Wapinzani wa mradi walikuwa na mfano mkononi: Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeamuru mashamba ya kamba ya ukanda wa pwani yaondolewe. Wakati huohuo mvua za El Niño zilitukatia barabara, ikawa habari za Kibiti zinafika Dar kwa shida kuliko za Bombay. Mabwawa hayakujengwa.

Wanaosema delta iliokolewa na magazeti wanayapendelea magazeti. Mimi niliyekuwepo naona ilisaidiwa na wale waliorudi kutoka kwenye uduvi na nyavu, wakakuta mkutano umepita bila wao, wakasema mkutano ule si wao. Magazeti yalikuja kuyabeba maneno yakiwa yameshaiva. Na mikoko haikusalimika yote. Upande wa kaskazini sehemu kubwa imefyekwa na wenyeji wenyewe kwa ajili ya mpunga. Delta ya mikoko hekta zaidi ya 50,000, kubwa kuliko zote katika pwani ya Afrika Mashariki, haina adui mmoja wa kumnyooshea kidole.

Mimi nikahamia Dar. Nilianza gazetini, nikaingia ofisi ya ushauri, mwisho nikafungua yangu, chumba kimoja Kariakoo chenye feni inayopiga kelele. Wakati ulikuwa mzuri kwa watu wa aina yangu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilitaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uhusishwe, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikataka wananchi washirikishwe kabla mradi mkubwa haujaanza. Maneno mapya yakazaliwa: wadau, ushirikishwaji, kujenga uelewa. Kila mwekezaji alihitaji mikutano, na kila mkutano ulihitaji mtu wa kuupanga, kuusemea na kuuandikia muhtasari. Huyo ndiye mimi.

Nitasema jambo ambalo sikumwambia shangazi. Siri ya kazi ile ilikuwa karatasi ya mahudhurio. Mtu akifika mkutanoni anaandika jina na kuweka saini au dole gumba ili apate soda na posho ya nauli. Karatasi hiyohiyo inabandikwa nyuma ya ripoti kama kiambatisho, na msomaji wa ofisini akiona madole gumba mia mbili ya wino wa zambarau anaona watu mia mbili waliokubali. Hakuna aliyedanganya. Mwananchi alisaini soda, ripoti ilisema mkutano ulifanyika, na uongo ukajikalia wenyewe katikati ya kurasa mbili.

Mwaka mmoja, mkoa sitautaja, mteja ndiyo kabisa sitamtaja, nilisimama chini ya mwembe mwingine mbele ya wazee wengine. Mradi haukuwa mbaya. Ulikuwa na haraka. Mwisho wa mkutano mzee akasimama akasema neno lile. Nililisikia kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kituo cha basi. Usiku nikiandika ripoti kwenye nyumba ya wageni, umeme ukikatika na kurudi, nilifika kwenye sentensi hiyo nikasimama. Nilikuwa na umri wa kutosha, uzoefu wa kutosha, na ankara ya ada ya watoto wawili. Nikaandika kwamba wananchi waliupokea mradi. "Waliupokea" ni neno zuri sana. Unaweza kupokea zawadi, unaweza kupokea taarifa ya msiba.

Malipo yalikuja kwa wakati. Mwanangu wa kwanza akamaliza shule kwa sentensi ile.

Kibiti nayo ilibadilika nikiwa mbali. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, na foleni ya kivuko cha Ndundu, mahali nilipojifunza subira, ikawa hadithi. Kibiti ikawa wilaya. Halafu ikaja miaka ile ya mauaji, viongozi wa vijiji wakiuawa mmoja baada ya mwingine, na Aprili 2017 askari polisi wanane kwa siku moja. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba ofisi moja iliniita nishauri namna ya kuzungumza na wananchi, nikakataa. Watu walikuwa wameacha kusema hata "tumesikia". Walikuwa wanaamkiana na kufunga milango.

Nimerudi nyumbani. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na Aprili 2024 mto ukapanda Rufiji na Kibiti, ukaingia mashambani na majumbani. Hapo nilikaa kwenye kiti cha mtazamaji nikaiangalia kazi yangu ya zamani ikifanywa na wengine. Serikali ilieleza kwamba bwawa limepunguza makali ya mafuriko. Watu wa bondeni walikuwa na hesabu zao. Niliona maelezo mengi mazuri, yenye picha na vielelezo, yakitumwa kwa simu kwenda kwa watu ambao chaji zao zilikuwa zimezama pamoja na vitanda.

Shangazi sasa ni mzee sana, macho yamepungua lakini masikio ni yaleyale. Shamba lake la bondeni lilikwenda na maji, mpunga ukiwa umebakiza wiki chache kuvunwa. Wiki kadhaa baadaye alikuja kijana wa shirika fulani, nadhifu, ana adabu, ana kishikwambi mkononi. Alimwamkia vizuri, akachuchumaa badala ya kusimama juu yake, jambo lililonifanya nimpende. Akamweleza kuhusu mpango wa kuwahamishia watu maeneo ya juu, moja kwa moja na kwa hiari yao. Nilikaa kibarazani, nikijifanya natengeneza mpini wa jembe. Sauti ya baba ilikuwa masikioni mwangu.

Kijana akamaliza. "Bibi, umeelewa?"

Shangazi akageuza uso upande wa mto, ingawa kutoka hapa hauonekani.

"Nimesikia, mwanangu."

Kijana akainua kidole. Nikaweka mpini chini, nikasogea, nikamwomba aniruhusu nitazame kioo. Palikuwa na visanduku vitatu: anakubali, hakubali, hana maoni. Kidole chake kilikuwa kinaelea juu ya cha kwanza.

Nikamuuliza kama ana kalamu.